Kitabu Kilichorudi Kitupu

Nargisi alinipigia simu Jumanne asubuhi nikiwa napeta mchele, akaniambia shangazi yake, Bi Shirini, amezikwa jana Mikindani. Alisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia. Kisha akasema, "Alikuwa anakutaja. Kuna vitu vyako hapa dukani, njoo uvichukue." Sikuuliza ni vitu gani. Niliweka ungo chini, nikakaa kizingitini, nikaukumbuka mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi na saba. Sasa nina ishirini na sita. Niliishia darasa la saba, bado nasoma polepole na kuandika polepole zaidi, lakini sijaacha. Mvua za mwaka huu nimesoma vitabu vitatu. Kimoja kinahusu mji uliojengwa chini ya bahari ambako hewa inagawiwa kwa zamu. Nilikipenda mpaka mwandishi alipomuua mama wa yule mtoto bila sababu, nikaona amechoka tu kumwandika. Cha pili kinahusu wachawi wawili wanaogombea kisima, nacho ni kirefu kuliko kisima chenyewe. Cha tatu nimekisoma kwa mara ya pili, ni cha zamani sana, cha mjane anayesubiri barua, na mpaka leo nikikikumbuka napata baridi. Kila nikimaliza kitabu naandika ukurasa mmoja wa maoni yangu, nasema nimeona nini. Hiyo tabia nilifundishwa na Bi Shirini, marehemu, na ndiyo iliyotaka kumpoteza mtu.

Duka la Bi Shirini, mwanamke wa Kihindi, lilikuwa chumba kimoja kirefu chenye harufu ya kanga mpya na iliki. Mbele kulikuwa na meza ya mbao iliyochakaa, nyuma yake vitambaa, na nyuma ya vitambaa, mahali ambapo mteja haoni, rafu mbili za riwaya alizoziacha mumewe, nyingi za Kiswahili, nyingine zimetafsiriwa, zimevimba kwa unyevu wa pwani. Mama mdogo wangu alikuwa akimpelekea mchele kila baada ya wiki mbili, nami nilikwenda naye kubeba. Wao wakibishana bei, mimi nilisimama upande wangu wa meza nikisoma kitabu alichokiacha wazi mbele yake. Siku moja akanikazia macho. "Wewe binti, unasoma au unashangaa?" Nikasema kwa sauti ndogo kwamba nasoma. "Kichwa chini miguu juu?" Nikasema ndiyo, Bi. "Haya, nisomee." Nikamsomea mistari mitatu kutoka upande wangu, bila kukigeuza kitabu. Alicheka mpaka akashika kifua. "Hadija!" akamwambia mama mdogo, "huyu mwanao anasoma kama popo!" Kuanzia siku hiyo hakuniita tena Somoe. Aliniita Popo.

Akaniazima kitabu, na akanipa sharti. Kwetu jirani akikuletea chakula, humrudishii sahani yake tupu. Unatia chochote ulicho nacho, hata kama ni maembe mawili. Bi Shirini alisema kitabu nacho ni hivyo hivyo. "Sitaki hela yako. Kikirudi, kirudi na kitu ndani. Karatasi moja, uniambie umeona nini. Usiniambie ni kizuri, hilo hata mbuzi atasema." Nikirudisha kitabu alikishika mgongo, akakitikisa, karatasi yangu ikaanguka mezani. Aliisoma papo hapo, mbele ya wateja, nami nikatazama vidole vyangu vya miguu. Kisha aliitia ndani ya kopo la biskuti na kuniletea chai ya maziwa na chapati moja iliyokunjwa mara nne. Nilikuwa siwezi kumsemesha mtu dukani wala kisimani, lakini kwenye karatasi nilikuwa mkali. Kitabu cha chombo kinachosafiri kati ya nyota nilikiandikia kwamba kina watu mia nne na hakuna hata mmoja anayepika, kwa hiyo sijui wanaishije. Kile cha milima inayohama nilisema mwandishi amesahau kuwa milimani kuna mashamba ya watu. Na kile cha mjane anayesubiri barua, ambacho hakina jini wala silaha wala damu, nilisema kimenitisha kuliko vyote, kwa sababu humo watu wanakunywa chai tu na kusema, na maneno yao yanammaliza mtu. Bi Shirini aliusoma ukurasa huo mara mbili. "Popo," akasema, "umekua."

Mwaka huo hofu haikuwa ya vitabuni peke yake. Tulikuwa tunakaa kijiji kimoja kati ya Mahurunga na Kilambo, mashamba yetu ya mpunga yanashuka mpaka karibu na mto ulio mpaka wa nchi, na habari za vita ya ng'ambo zilikuwa zinafika kila siku. Zilifika na watu waliovuka Kilambo na magodoro kichwani. Zilifika kwenye simu, sauti za watu tusiowajua wakisema kijiji fulani kimechomwa, na mwisho wa kila sauti, "watumie wenzako." Mama mdogo alizisikiliza zote, simu imebanwa sikioni, mwiko mkononi, ugali unaungua. Kwenye mashine ya kusaga wanawake walisimama karibu karibu. "Wanaanza na kuchunguza kwanza." "Nani anawachunguzia?" "Watakosa mtu? Mtu yupo." Kisha mmoja alitazama upande wa mtoni, na wengine wakamfuata kwa macho. Mtoni kulikuwa na Mzee Amade. Alizaliwa ng'ambo, akaja kwetu kabla mimi sijazaliwa, na kazi yake ilikuwa kuvusha watu kwa mtumbwi. Alivaa kofia ya kitambaa cha bluu iliyopauka mpaka ikawa kama majivu, na alikuwa na maneno machache kuliko mimi. Zamani watu walimtania: "Mzee Amade, leo umesema mangapi?" Naye aliinua vidole viwili. Mwaka huo utani uliisha. Walipanda mtumbwi wake, wakashuka, wakaenda kuulizana yeye hulala wapi.

Ndipo Bi Shirini akaniazima kitabu chenye jalada la bluu. Kilikuwa riwaya ya nchi isiyokuwepo, yenye mto mkubwa katikati, na ng'ambo ya mto watu wa moshi wanaojiandaa kuvuka. Nilikisoma shambani, chini ya kibanda cha kuamia ndege, na kila ndege akiruka nilishtuka. Nilitaka kukiacha na sikuweza. Lakini nasoma polepole, nimeshasema, na siku ya kwenda Mikindani ilifika nikiwa bado na sura nne. Niliona aibu. Vitabu vingine vyote nilikuwa nimevimaliza. Basi nikaandika ukurasa wangu kama mtu aliyemaliza, kwa herufi kubwa kama kawaida yangu, nikautia ndani ya kitabu. Sikuandika jina la kitabu juu yake. Sikuwahi kuandika, kwa kuwa ukurasa ulikaa ndani ya kitabu chenyewe. Niliandika hivi, nakumbuka kila neno:

WATAVUKA MAJI YAKIPUNGUA. NILIJUA TANGU MWANZO KWAMBA MZEE WA MTUMBWI NDIYE ATAKAYEWAONESHA NJIA, KWA SABABU HASEMI NA HAKUZALIWA UPANDE HUU. ILA NAONA WANAKOSEA KUANZA NA GHALA. NINGEKUWA MIMI NINGEANZA NA DARAJA, WATU WASIKIMBIE.

Barabarani, tukisubiri gari, nilikitoa kitabu nipate angalau kurasa mbili zaidi. Upepo ulikuwepo. Gari lilipokuja tulikimbilia na vikapu, na sikuhisi kitu. Dukani Bi Shirini alikishika kitabu mgongo, akakitikisa. Hakikuanguka kitu. Akakitikisa tena. "Popo, kimerudi kitupu?" Nilitafuta kwenye kikapu, kwenye mchele, ndani ya kanga. Alidhani nimeona haya, akanicheka kidogo, akasema nitaandika mwingine. Mimi nilikuwa nauona ule ukurasa kichwani mwangu bila kitabu chake, umelala njiani, kila mtu anaweza kuuokota.

Tulirudi alasiri tukakuta watu wamejaa mbele ya ofisi ya kijiji. Mgambo mmoja, Bakari, kijana aliyesoma na mimi, alikuwa ameuokota karibu na kituo cha gari. Mtendaji wa kijiji aliusoma kwa sauti, polepole, na alipofika "mzee wa mtumbwi" watu wakasogea karibu. "Mnaona na herufi," akasema. "Mtu anayeandika kwa herufi kubwa hivi anaficha mwandiko." Mwanamke mmoja akaanza kulia. Kabla ya magharibi Mzee Amade alikuwa ndani ya ofisi, na ilitangazwa kwamba keshokutwa gari litakuja kutoka wilayani kumchukua. Chakula chetu kilikuwa ming'oko, mizizi ya porini, ya kuchemsha. Mama mdogo alimenya mmoja, akautazama, akaurudisha sinia. "Mimi nilisema. Macho ya yule mzee hayatulii. Na juzi tu nimepanda mtumbwi wake, nimekaa mbele yake hivi!" Kisha akanitazama. "Somoe, mbona huli?" Nikasema tumbo. Nilijua kwamba nikifungua mdomo nitasema yote, na nikisema yote watanichukua mimi, msichana anayeandika angeanza na daraja, watu wasikimbie. Kwa hiyo sikufungua. Kesho yake kutwa nzima sikufungua. Nilipita mbele ya ofisi mara tatu na ndoo. Mlango ulikuwa wazi kidogo nikaona miguu yake sakafuni, haina viatu, imewekwa pamoja kama ya mtoto aliyekatazwa kusogea. Mara zote tatu nilipita.

Asubuhi ya siku ya gari nilipanda pikipiki ya kwanza kwenda Mikindani bila kuaga. Bi Shirini alikuwa anafungua mlango wa duka. Nilimwambia yote nimesimama pale nje, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kusema naye maneno mengi kwa mdomo. Alisikiliza funguo mkononi. Nilipomaliza akaniuliza kitu nisichokitegemea. "Ulikimaliza?"

"Nini, Bi?"

"Kitabu. Ulikimaliza?"

Nikasema hapana.

"Nilijua. Kurasa za mwisho bado zimegandana, sijazigusa tangu marehemu mume wangu afariki. Basi hujui."

"Sijui nini?"

Aliingia ndani, akarudi na kitabu cha bluu na kopo la biskuti lenye karatasi zangu zote. Nilimshika mkono, nikamwomba twende pamoja. Alitazama barabarani, kushoto na kulia, na usoni mwake niliona hofu ile ile iliyokuwa usoni mwa mama mdogo. "Mimi nikifika kule na makaratasi, watanikalisha chini kando yake. Watasema Mhindi ndiye anayewaandikia. Naogopa, Popo. Nenda wewe. Wewe ni mtoto wao." Miaka hii yote watu niliowasimulia wamemlaumu kwa maneno hayo. Mimi sijamlaumu. Aliyasema waziwazi, na mwaka ule hakuna mwingine niliyemsikia akisema naogopa bila kutafuta wa kumtupia.

Ofisini walikuwa watatu: mtendaji mezani na kikombe cha chai, Bakari mlangoni na rungu, na Mzee Amade sakafuni, kofia mapajani. Niliweka kopo mezani nikasema, "Shikamoo. Ile karatasi ni yangu." Bakari akacheka. "Wewe Somoe? Wewe hata hodi unashindwa kusema." Mtendaji hakucheka. Alilinganisha herufi. Alizitoa karatasi moja moja, akasoma ya nyota, akasoma ya milima, akasoma ya mjane. "Hapa unasema watu mia nne hawapiki. Watu gani hawa?" Nikasema wa kitabuni. "Na hii ya mto?" Nikampa kitabu cha bluu, nikamwonesha ghala, nikamwonesha mzee na mtumbwi wake. Akasoma kimya, midomo ikitembea. Nilidhani yamekwisha. Kisha akainua uso. "Sawa, ni hadithi. Lakini hadithi mtu anaitoa wapi? Huyu wa kitabuni anawaonesha njia, na wewe unasema ulijua. Ulijuaje?" Nikatazama kitabu. "Mwisho wake ni nini?" akauliza. Ilibidi niseme, mbele ya Bakari, kwamba sijaufikia. Mtendaji akachukua rula akazibandua kurasa zilizogandana, taratibu, moja haikupona vizuri, akanisukumia kitabu. "Soma."

Nilisoma kama ninavyosoma, neno, pumzi, neno. Chai ikaacha kutoa moshi. Bakari akasema, "Ruka bwana, nenda chini kule," na mtendaji akamwambia, "Wewe nyamaza." Humo ndani watu wa moshi walimfuata mzee kwenye mtumbwi, na mitumbwi yao mingi nyuma yake, wakamlipa, wakamsifu. Naye hakusema neno. Akawapeleka, si kwenye kivuko, bali ndani ya mikoko, mahali maji yanapotoka na kuacha matope yasiyo na chini. Mitumbwi ikanasa yote. Walipomgeukia wakamkuta amekwisha kuutupa mbali upondo wake wa kusukumia mtumbwi, ameketi, anasubiri maji yarudi. Na yeye hakutoka. Nilipofika hapo sauti yangu ilikuwa haisikiki, mtendaji akainama mezani kunisikia.

Bakari ndiye aliyesema kwanza, karibu kwa hasira. "Sasa si angewaambia wenzake tangu mwanzo?"

"Angemwambia nani?" mtendaji akamjibu. Kisha akasimama, akamwambia mzee avae viatu aende kwake.

Mzee Amade alivaa polepole. Alipofika mlangoni alisimama mbele yangu, na nikadhani atanitukana, nikataka anitukane. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha ng'ambo, taratibu, "Binti, wakati unaandika yale, ulikuwa unaniona mimi?" Nilitazama vidole vyangu vya miguu. Alisubiri muda mrefu, na yeye alikuwa mtu aliyezoea kusubiri. Kisha akavaa kofia, akatoka. Gari la wilayani lilipofika mtendaji alilirudisha, akasema ni mambo ya watoto na vitabu. Akanionya kwamba siku nyingine nikiandika nianze na maneno HIKI NI KITABU. Ukurasa ule alibaki nao, sijui kwa nini.

Kijiji kilimwomba radhi Mzee Amade, kwa namna yake. Kuna aliyempelekea kuku. Lakini kwenye mtumbwi wake watu hawakurudi. Mtu akishaogopa uso fulani siku mbili, inakuwa vigumu kuutazama. Haikupita miezi miwili mtumbwi haukuwepo. Wengine walisema amevuka kuwatafuta ndugu zake kule kwenye moto, wengine walisema aliona kwetu hakukaliki. Kila watu wapya walipovuka Kilambo niliangalia kofia. Sijaiona mpaka leo. Kitabu cha bluu nilikisoma tena chote, kisha nikakirudisha, na Bi Shirini alikitikisa, hakikuanguka kitu. "Kalamu imekataa, Bi," nikamwambia. "Nitangoja," akasema. Baada ya hapo aliniazima vingine vingi, na vyote vilirudi na ukurasa ndani, isipokuwa hicho. Hakukitaja tena, ila hakukirudisha rafuni. Alikiweka chini ya meza, peke yake.

Alhamisi nilikwenda Mikindani kuhani. Nargisi alinipa kopo, zito sasa, na juu yake kitabu cha bluu kimefungwa kwa kipande cha kanga. "Hiki alisema bado hakijarudi," akaniambia, "sikumwelewa, maana kipo hapa hapa." Nikamwomba kalamu na karatasi. Aliniletea, na bila kuulizwa akaniletea chai. Nilikaa kwenye benchi la wateja, wanawake wa matanga wanaingia na kutoka, na nikaandika kwa herufi kubwa, polepole, mpaka chai ikapoa.

HIKI NI KITABU. NILIPOKISOMA NUSU NILISEMA NILIJUA TANGU MWANZO. SIKUJUA. MWANDISHI HAKUSEMA POPOTE KWAMBA YULE MZEE NI MBAYA, NIMERUDIA KURASA ZOTE NIKATAFUTA. ALISEMA TU HASEMI NA HAKUZALIWA UPANDE HUU. YALIYOBAKI NILIONGEZA MIMI. KOFIA YA BLUU HAIMO HUMU. NILIMVALISHA MIMI. MZEE AMADE, ULINIULIZA NA SIKUKUJIBU. NDIYO. NILIKUWA NAKUONA WEWE.

Niliukunja, nikautia katikati ya kitabu, nikamrudishia Nargisi. Alikishika mgongo, akakitikisa, kama nilivyomwona shangazi yake akifanya miaka yote, na karatasi ikaanguka mezani, ikafunguka, imemwelekea yeye. Kutoka upande wangu maneno yalikuwa kichwa chini. Niliyasoma yote.